Mguu ndo unaoonekana, kinachoua kiko kifuani

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Dokta shikamoo. Mimi ni daktari wa intern, mwezi wa pili sasa niko emejensi. Wiki iliyopita usiku tulikuwa wawili tu, mimi na nesi, akaletwa kijana wa ajali ya pikipiki. Mfupa wa paja umetokeza nje, damu kila mahali, anapiga kelele balaa. Presha 110 kwa 70 nikashukuru Mungu, mapigo 128, oksijeni 91, anapumua mara 34 kwa dakika. Tukahangaika na mguu, tukafunga, tukampeleka eksirei ya paja. Kama baada ya dakika 40 akaanza fujo, anavua maski, anataka kushuka kitandani, anasema hewa hewa. Tukadhani ni maumivu na uoga, nikaagiza diazepamu. Akatulia. Dakika chache baadaye hana mapigo, tukabonyeza kifua nusu saa ikashindikana. Silali dokta. Nilikosea wapi? Na mtu akiwa na majeraha kila mahali unaanzia wapi? Na mkiwa wawili tu mnagawanaje kazi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kukuapia kilichomuua, na bila uchunguzi wa maiti hata wewe huwezi. Ila nikisoma hizo namba zako hela yangu naiweka kifuani, hewa iliyonaswa inabana pafu, na damu inapotea kwa wakati mmoja. Mguu haukumuua, mguu uliwaita tu, mkaenda wote wawili.

Na usidhani ni wewe peke yako. Nikiwa na umri wako nilimshona mama mmoja kichwani, jeraha limechanika mpaka mfupa unaonekana, nashona taratibu nyuzi nzuri kabisa najisifia kimoyomoyo, kumbe bandama imepasuka na tumbo linajaa. Nesi mmoja wa siku nyingi akapita, akamshika mkono tu, akaniambia "huyu mbona wa baridi hivi?" Hakugusa presha wala nini, kamshika mkono tu. Yule mama alipona kwa sababu ya yule nesi, mimi nilikuwa fundi cherehani tu pale.

Sasa tuanze na hiyo presha uliyomshukuria Mungu, maana hapo ndo mtego ulipo. Mtu mzima ana damu kama mililita 70 kwa kila kilo, wa kilo 70 ana kama lita 5. Akipoteza mpaka asilimia 15 mwili unameza tu, huoni kitu cha maana. Akifika 15 mpaka 30 moyo unaanza kukimbia, mishipa ya mikono na miguu inabana, ngozi inapoa, lakini presha ya juu bado inasoma vizuri. Presha inaanguka akishapita asilimia 30 hivi, yani lita moja na nusu imeshaenda, sasa ukisubiri presha ishuke ndo uamini kwamba mtu yuko kwenye shoku (damu haifiki viungoni vya kutosha) umeshachelewa lita moja na nusu. Kijana mwenye moyo mzuri anaweza kuishikilia ile 110 kwa nguvu zote, afu ikidondoka inadondoka kama jiwe.

Kwa hiyo usisome presha peke yake. Gawa mapigo kwa presha ya juu, 128 kwa 110, unapata 1.16. Mtu mzima mzima wa afya anakaa kwenye 0.5 mpaka 0.7, ikipita 0.9 anza kuogopa, ikipita 1 usibishane nayo. Ongeza kwamba anapumua mara 34. Hiyo namba watu wanaipuuza sana, wengine hata hawahesabu wanaandika 20 kila mgonjwa (mnajijua), lakini 34 kwa majeruhi maana yake ama kifua kina shida ama damu imeenda sana ama vyote viwili. Na oksijeni 91. Yani namba tatu zilikuwa zinapiga kelele na moja ikasema shwari, mkaiamini ile moja. Binadamu tuko hivyo, tunachagua habari njema.

Unaanzia wapi? Unaanza na kinachoua haraka zaidi, sio kinachotisha zaidi, na unafuata mpangilio uleule kila siku, hata kwa mgonjwa anayeonekana mzima. Ule mpangilio wa herufi A, B, C, D, E wengi mnaukariri kwa mtihani bila kujua ulikotoka. Mwaka 1976 bingwa mmoja wa upasuaji wa mifupa Marekani, James Styner, alikuwa anaendesha ndege yake ndogo na familia ndani, ikaanguka shambani Nebraska. Mkewe akafa palepale, watoto wakaumia vibaya. Walipofikishwa hospitali ya karibu akaona huduma waliyopata ni mbovu kuliko ile aliyowapa yeye mwenyewe kule shambani gizani. Akatoka pale na wenzake wakatengeneza kozi, ya kwanza ikafundishwa 1978, na 1980 chama cha madaktari wapasuaji cha Marekani kikaibeba na ikasambaa duniani. Wazo lake kubwa lilikuwa rahisi tu: huhitaji kujua ugonjwa kamili ndo uanze kutibu. Huhitaji historia yote. Unatafuta kinachoua, ukikikuta unakitibu palepale, ndo unasogea herufi inayofuata.

Siku hizi kabla ya A kuna damu inayoruka kwa nje. Mshipa wa paja ukikatika mtu anaweza kuisha ndani ya dakika chache tu, huna muda wa kuanza kuangalia koo. Gandamiza kwa mkono, isipokata funga turniketi, ule mkanda wa kukaza mkono au mguu, juu ya jeraha kama vidole vitatu vinne hivi, usifunge kwenye goti lenyewe au kiwiko chenyewe, kaza mpaka damu ikate kabisa na mapigo ya chini yapotee, afu andika saa uliyofunga. Ikilegea ni mbaya kuliko kutofunga, maana unazuia damu ya kurudi huku inayokwenda inapita, jeraha linamwaga zaidi. Mguu wa kijana wako kama ulikuwa unachuruzika tu na sio kuruka, kitambaa safi na kuunyoosha kwa kifaa cha kuvuta kingetosha kabisa, kazi ya dakika tatu ya nesi. Sio dakika 40 za watu wawili.

A ni njia ya hewa. Anapiga kelele, anaongea? Basi ipo wazi kwa sasa hivi, na neno "kwa sasa hivi" ulishike. Uso uliopondeka, moshi puani, shingo inayovimba, hao wanaongea saa hii na baada ya nusu saa wameziba. Anayekoroma au anayesikika kama ana maji kooni, sukuma taya mbele bila kukunja shingo, nyonya damu na matapishi, weka kifaa cha mdomoni kama hana reflekisi ya kutapika. Anayepata 8 kushuka chini kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow huyo kwa kawaida anahitaji mpira kwenye koo la hewa, lakini kama huna ujuzi huo usianze kujifunzia hapo, ambu-begi (mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono) yenye maski iliyokaa vizuri ikishikwa na watu wawili imeokoa watu wengi kuliko mipira iliyoingia tumboni. Shingo ishikiliwe muda wote, na oksijeni ya kutosha kwa kila majeruhi mkubwa, hapo hakuna mjadala.

B sasa, yani kupumua, na hapa nataka nikae maana hapa ndo kijana wako alikuwa.

Kata nguo. Usifunue, kata, na mkasi. Simama upande wa miguu usogeze macho yako yawe sawa na kifua, uangalie kifua kinavyopanda. Ukikaa ubavuni mwa mgonjwa huoni, ukikaa miguuni unaona upande mmoja unapanda na mwingine umebaki juu umevimba hauendi kokote. Weka viganja viwili pande zote, utasikia mifupa inasagana kama ipo, na wakati mwingine utasikia ngozi inachachatika chini ya vidole, hiyo ni hewa imetoka kwenye pafu imeingia chini ya ngozi. Sikiliza kwapani, sio mbele tu, mbele sauti ya upande mzima inakudanganya. Gonga kwa kidole: ikilia kama ngoma ni hewa, ikiwa nzito kama unagonga gogo ni damu. Kwenye emejensi yenye kelele kugonga wakati mwingine hakusikiki, lakini kupanda kwa kifua kunaonekana hata kama watu wanapigana pembeni.

Ile hewa inayonaswa inafanyaje kazi? Pafu limetoboka, kila akivuta pumzi hewa inaponyokea kwenye uwazi kati ya pafu na ukuta wa kifua na hairudi, kama valvu ya tairi. Inajaa, inabana pafu, afu inasukuma moyo na ile mishipa mikubwa ya kurudisha damu, damu hairudi kwenye moyo, presha inaisha. Vitabu vinasema mishipa ya shingo itatuna na koo la hewa litasogea upande wa pili. Sawa, lakini aliyepoteza damu mishipa yake haitatuna, haina kitu ndani, na koo kusogea ni dalili ya mwisho mwisho kabisa. Ukizisubiri hizo unasubiri msiba. Anayehangaika kupumua, oksijeni inashuka, upande mmoja haupandi na hausikiki hewa, mapigo juu presha inaanza kuyumba: inatosha, toboa. Hii haiendi eksirei. Mgonjwa wa hivi akiwa na picha nzuri ya eksirei mkononi ni aibu kwa aliyeipiga.

Kwa mtu mzima siku hizi sindano inaelekezwa ubavuni, uwazi wa nne au wa tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, maana kule mbele chini ya mtulinga nyama ya kifua kwa wengi ni nene sindano haifiki. Kwa watoto bado ni kule juu mbele, uwazi wa pili. Pita juu ya ubavu wa chini, sio chini ya ubavu wa juu, kwa sababu mshipa wa damu na neva vinapita kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu. Sindano ni kununua dakika tu, inapinda inaziba, kinachofuata ni mpira wa kifuani, au ukate upitishe kidole ndani usikie pafu, afu mpira. Mpira ukitoa damu lita moja na nusu papo hapo huyo ni wa thieta. Na kama kuna tundu kifuani linalovuta hewa kwa sauti, funika ukibandika pande tatu, moja iache itoe hewa.

Halafu jambo moja la hatari: mwenye pafu lililotoboka ukimpa hewa ya kusukuma kwa ambu-begi au mashine, unaijaza ile hewa iliyonaswa kwa kasi. Mtu akigeuka vibaya ghafla baada ya kuwekewa mpira wa koo, angalia kifua kwanza.

C ni damu, na kwa majeruhi shoku ihesabu kuwa ni damu mpaka ithibitike vinginevyo. Inajificha sehemu nne: kifuani, tumboni na nyuma ya tumbo, kwenye fupanyonga, na kwenye mifupa mirefu, ya tano ni sakafuni, kwa hiyo na machela uangalie chini yake, na muulize aliyemleta kule alipokuwa amelala palikuwaje. Paja moja lililovunjika linaweza kumeza lita moja mpaka moja na nusu, na fupanyonga lililopasuka linaweza kumeza damu yote. Usilitikise hilo fupanyonga kujaribu kama limelegea, kila ukitikisa unavunja donge la damu lililoshikilia. Ukishuku tu funga, shuka iliyokunjwa inatosha, lakini ipite usawa wa ile mifupa inayotokeza pembeni pale paja linapoanza. Nimeona nyingi zimefungwa kiunoni kama mkanda wa suruali, hazisaidii na zinaweza kufungua zaidi. Altrasaundi ya haraka ya tumbo na moyo kama ipo ifanyike hapohapo kitandani, na ukumbuke ikiwa safi sasa hivi inaweza isiwe safi baada ya dakika 20, na haioni vizuri damu ya nyuma ya tumbo.

Kanula mbili kubwa, toa damu ya kupima grupu na krosmachi (kuilinganisha na ile atakayoongezewa) wakati unaweka, hapo hapo, usirudi tena kuchoma. Dripu ya salaini sasa hivi hatumwagi kama zamani. Salaini haibebi oksijeni wala haigandishi, inapoza mwili na kuyeyusha damu iliyobaki. Lita moja ya vuguvugu ndo mwisho wangu, tena kwa mafungu ya mililita 250 huku naangalia, baada ya hapo ni damu, na ikiwezekana plasma na chembe sahani ziende pamoja na chembe nyekundu kwa uwiano unaokaribiana. Mpaka damu izuiwe thieta unaridhika na presha ya juu ya 80 mpaka 90 na fahamu zipo, usiikimbize 120, utavunja madonge. Isipokuwa aliyeumia kichwa, huyo ubongo wake hauvumilii presha ndogo, shikilia 100 mpaka 110 kwenda juu.

Asidi ya traneksamiki, dawa ya kulinda donge la damu lisiyeyuke, iwe kwenye droo yako. Utafiti mkubwa wa CRASH-2 uliotoka 2010, wagonjwa zaidi ya 20,000 kwenye nchi 40, ulionyesha inapunguza vifo: gramu 1 kwa dakika 10, gramu nyingine kwa saa 8. Lakini ndani ya saa 3 tangu ajali, na mapema ndo bora. Baada ya saa 3 inaweza hata kudhuru, kwa hiyo saa ya ajali uiulize na uiandike. Ukimpa damu nyingi mpe na kalsiamu, maana ile dawa ya kuzuia damu isigande kwenye chupa inaila. Na mfunike! Baridi, asidi kwenye damu na damu kushindwa kuganda vinasukumana, kila kimoja kinamwita mwenzake, na majeruhi uchi kwenye chumba chenye feni anaanza safari hiyo akiwa mikononi mwako.

D ni ubongo: fahamu, mboni za macho, mikono na miguu yote minne inacheza? Na sukari, kila mara.

Hapo ndo tunafika kwenye diazepamu, najua ndo inayokunyima usingizi. Majeruhi anayefanya fujo, anayevua maski, anayesema hewa, anakwambia ukweli kwa lugha pekee aliyonayo. Kabla hujaita uoga, pitia: oksijeni inafika? Damu inafika? Kichwa kimeumia? Sukari? Hata kibofu kilichojaa. Na maumivu ni kweli yapo na yatibiwe, mofini kidogo kidogo mshipani au ketamini dozi ndogo, hakuna sababu ya kumuacha mtu na paja lililovunjika alie. Lakini diazepamu haiondoi maumivu, inaondoa kelele tu, na mtu anayepumua mara 34 ili abaki hai ukimpunguzia ile juhudi unamnyang'anya kamba aliyoning'inia. Akitulia ghafla mtu wa hivyo, kimbia kwenda kwake, usiende kuandika faili. Sijui kama bila hiyo dawa angepona, kifua kikiwa vile angeishiwa tu dakika kadhaa mbele. Kosa lenyewe lilitangulia, ni pale hakuna aliyekiangalia kifua.

E ni kumvua kila kitu, kumgeuza kama gogo watu wanne mmoja akiwa na kichwa ndo anayetoa amri, kuangalia mgongo, makalio, kwapani, afu kufunika haraka. Kwa upande wenu mlikuwa wawili, ite mlinzi, ite mtu wa usafi, ndugu aliyemleta, mtu yeyote mwenye mikono miwili anaweza kushika kiuno ukimwelekeza.

Afu unarudi A tena. Hii ndo watu hawaifanyi. Sio herufi tano ukimaliza umemaliza, ni mzunguko, kila ukifanya kitu unarudi mwanzo, kila akibadilika unarudi mwanzo, na kabla hajatoka kwenda popote unarudi mwanzo. Ukaguzi wa kichwa mpaka kidole cha mguu, historia ya dawa, aleji, alikula saa ngapi, hayo yanakuja akishatulia. Eksirei ya paja nayo inakuja huko. Picha za mwanzo ni kifua na fupanyonga, tena mashine imfuate yeye kama inaweza. Na kesho yake mkague upya, vidole vilivyovunjika na mikono iliyoteguka hugundulika siku ya pili.

Wa kuwaogopa zaidi: mtoto, anashikilia presha mpaka dakika ya mwisho. Mzee anayetumia dawa za kupunguza mapigo, moyo wake haukimbii hata akiishiwa, na presha 110 kwa mzee aliyezoea 160 ni ndogo. Mjamzito mwenye mimba kubwa, anaweza kupoteza damu nyingi kabla hajaonyesha, mlaze kaegemea kushoto tumbo lisibane mshipa mkubwa. Na presha ndogo yenye mapigo ya polepole na ngozi ya moto, fikiria uti wa mgongo, lakini damu uitafute kwanza.

Umeuliza pia mkiwa wawili mnagawanaje. Wewe kaa kwenye kichwa na kifua, usiguse mguu kabisa hata ukitamani. Nesi kanula, damu ya grupu, jeraha linalotoka. Semeni kwa sauti mnachokiona, "kulia hakupandi", "mapigo 128", hata kama mnajisikia wajinga, kwa sababu ile namba ikisemwa kwa sauti mwenzako anaweza kuistukia kama wewe umepitiwa. Na bosi wako apigiwe simu dakika tano za kwanza, kama huwa anafoka muache afoke.

Leo ukiingia zamu, kabla hujakaa, fungua droo uangalie kama kuna sindano ndefu ya kutoboa kifua, mpira wa kifuani na chupa yake ya maji, mkasi wa kukatia nguo, na shuka moja safi ya kufungia fupanyonga. Kisichokuwepo kitafute saa hiyohiyo, na uniandikie jioni unambie ulichokikosa.